Wanawake na Maisha ya Kijiji nchini Samoa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ni vijiji gani vinavyozungumziwa hapa?

Majibu haya yanahusu vijiji vya Samoa huru, nchi iliyo katikati ya Bahari ya Pasifiki, yenye visiwa viwili vikubwa, Upolu na Savai'i, pamoja na visiwa vidogo ambavyo viwili kati yake, Manono na Apolima, vina wakazi. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu wapatao 205,000, na wengi wao hawaishi Apia, mji mkuu, bali katika vijiji zaidi ya 300 ambavyo vingi vimejipanga kando ya pwani. Samoa ya Marekani, iliyo upande wa mashariki, ina lugha na mila zinazofanana na hizi, lakini ni eneo lililo chini ya Marekani na lina historia yake. Haikuingizwa katika majibu haya isipokuwa panapolazimu.

Takriban asilimia 80 ya ardhi ya Samoa ni ardhi ya kimila. Haiuzwi, na husimamiwa na wenye vyeo vya ukoo. Msomaji alikumbuke jambo hili tangu mwanzo, kwa kuwa linaeleza mengi yatakayofuata: mtu aliyezaliwa katika ukoo wenye ardhi kijijini ana mahali pake pa kusimama, ilhali aliyeingia kwa ndoa yumo kwa hisani ya wenyeji.

Kijiji kimepangwaje, na wanawake wako wapi katika mpango huo?

Juu kabisa lipo baraza la kijiji, fono, linaloundwa na matai, yaani watu ambao koo zao zimewapa vyeo. Baraza hilo hutoa amri, hutoza faini za nguruwe, mikeka, makopo ya samaki au fedha, na linaweza hata kumfukuza mtu kijijini. Mamlaka yake yalitambuliwa rasmi na sheria ya mabaraza ya vijiji ya mwaka 1990. Chini yake wapo vijana na wanaume wasio na cheo, aumaga, ambao hulima, huvua, hupika na kutekeleza kinachoamriwa.

Wanawake wana makundi mawili, na hapo ndipo wageni wengi hupotea. Kundi la kwanza ni aualuma, ambalo ni la mabinti wa kijiji: waliozaliwa humo, wawe wasichana, wajane, walioachika au hata walioolewa lakini wakawa wamerudi nyumbani. Kundi la pili ni la wake wa matai, linaloitwa faletua ma tausi. Faletua ni wake wa machifu, na tausi ni wake wa wasemaji wa kijiji. Mke wa mwanamume asiye na cheo hana kundi lenye heshima ya aina hiyo.

Kwa nini binti na mke hawana hadhi moja?

Anayetaka kuelewa nafasi ya mwanamke katika kijiji cha Samoa asianze kwa kuuliza wanawake wana haki gani. Aulize kwanza mwanamke huyu yuko kijijini kama nani. Mwanamke yuleyule anaweza kuwa mtu wa kutumikiwa asubuhi, katika kijiji alikozaliwa, na jioni akawa mtumishi wa jikoni katika kijiji alikoolewa.

Mzizi wa jambo hili ni agano la kaka na dada, feagaiga. Kwa mujibu wa agano hilo, dada ni mtukufu kwa kaka yake. Kaka hulima, huvua na kumlinda. Hatamki neno chafu mbele yake, na akifanya hivyo ameuaibisha ukoo mzima. Dada, kwa upande wake, huuletea ukoo heshima na mikeka, na ana sauti katika mambo mazito kama vile nani apewe cheo kilicho wazi. Zamani iliaminika kwamba baraka au laana ya dada inaweza kukifuata kizazi cha kaka yake, na imani hiyo haijafutika kabisa. Mtoto wa dada naye ana heshima ya pekee katika ukoo wa mjomba wake.

Agano hilo lilikuwa na uzito kiasi kwamba Ukristo ulipoingia, Wasamoa walilitumia kumwekea mchungaji nafasi. Mmisionari John Williams alifika Sapapali'i, Savai'i, mwaka 1830, na kadiri dini mpya ilivyoenea, mchungaji wa kijiji alianza kuitwa fa'afeagaiga na kupewa utukufu ambao awali ulikuwa wa dada. Wapo wanaoona kwamba tangu hapo dada alipungukiwa kitu, na ni vigumu kuwapinga: heshima iliyokuwa ya mwanamke wa ukoo ilihamishiwa kwa mwanamume ambaye, kwa desturi, hutoka kijiji kingine.

Mwanamke aliyeolewa huishije kwa watu wa mumewe?

Mwanamke anayeishi kwa ukoo wa mumewe huitwa nofotane. Huamka mapema, huhudumia wakwe, hufua, hutunza watoto na wagonjwa, na katika shughuli za ukoo hukaa nyuma au hubaki jikoni. Akiwa mke wa matai mwenye jina kubwa, atapata kiti kizuri miongoni mwa faletua ma tausi, lakini kiti hicho ni kivuli cha cheo cha mumewe. Mume akifa, mara nyingi mjane hurudi kwao, na huko hukaa tena na mabinti wenzake wa aualuma.

Mabinti wa kijiji ndio wanaoongoza, na wake wasio na cheo hutumwa. Katika baadhi ya vijiji nofotane hatarajiwi kusema lolote mkutanoni, hata kama ameishi hapo miaka 30 na kuzaa matai wa kesho. Shirika la Samoa Victim Support Group limewahi kuendesha mradi maalumu wa kuwafunza wanawake hawa stadi za kujipatia kipato na kuwaelimisha kuhusu haki zao, kwa sababu ilionekana kuwa misaada iliyopitia kwenye makundi ya kawaida ya wanawake ilikuwa ikiishia kwa mabinti na wake wa machifu.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba nofotane ni mtu asiye na kwao. Msiba ukitokea kijijini kwao, atarudi na wake wa kaka zake watamhudumia. Wanawake wengi huvumilia hali ya kwanza wakijua kwamba ya pili ipo.

Je, mwanamke anaweza kuwa matai?

Sheria ya nchi haimzuii. Cheo hutolewa kwa makubaliano ya ukoo, na ukoo ukishindwa kukubaliana, shauri hupelekwa katika Mahakama ya Ardhi na Vyeo. Historia nayo inao mfano mkubwa: Salamasina, mwanamke aliyeishi muda mrefu kabla ya wageni wa Ulaya kufika, alikusanya mikononi mwake vyeo vinne vya juu kuliko vyote, na kwa hiyo akatambuliwa kuwa mtawala wa Samoa yote.

Hali ya vijijini leo ni tofauti. Wanawake wenye vyeo ni wachache, na wengi wao ni wasomi na watumishi wa serikali wanaoishi Apia au ng'ambo, ambao hawaketi barazani kila linapokutana. Vipo vijiji ambavyo havimtambui kabisa matai mwanamke. Katika vingine anatambuliwa, lakini yeye mwenyewe huona ni bora kumwachia kaka yake kiti cha barazani, kwa kuwa maneno ya utani na ukali yanayosemwa humo hayafai kusikiwa na dada na kaka wakiwa pamoja. Hivyo agano lilelile linalompa dada utukufu ndilo linalomweka nje ya chumba ambamo maamuzi hufanywa. Wakosoaji wa nje hulisahau jambo hili wanapoona kizuizi hicho kuwa dharau tupu.

Kamati ya wanawake ni nini, na ilianzaje?

Kamati za wanawake, zilizojulikana kama komiti tumama kwa sababu ya kazi yake ya usafi, zilianza miaka ya 1920, wakati Samoa ikitawaliwa na New Zealand. Haziwezi kutenganishwa na msiba uliotangulia. Tarehe 7 Novemba 1918 meli iliyoitwa Talune, iliyotoka Auckland, iliruhusiwa kutia nanga Apia ikiwa na abiria wenye homa ya mafua. Katika muda mfupi walikufa watu wapatao 8,500, zaidi ya mtu mmoja katika kila watano. Samoa ya Marekani ilifunga bandari zake, na haikupoteza mtu. Mwaka 2002 Helen Clark, aliyekuwa Waziri Mkuu wa New Zealand, aliwaomba Wasamoa radhi kwa msiba huo na kwa makosa mengine ya utawala wa nchi yake.

Baada ya msiba huo, idara ya afya iligundua kwamba daktari na wauguzi wachache hawawezi kuvifikia vijiji vyote bila wanawake wa vijiji vyenyewe. Kamati ikawa na ratiba: kupima uzito wa watoto wachanga, kumpokea muuguzi wa wilaya, kutunza kabati la dawa, kusafisha kisima na bwawa la kuogea, na kukagua nyumba. Siku ya ukaguzi kila familia ilipanga mikeka, mashuka na vyandarua vyake mahali pa kuonekana, choo kilitazamwa, na aliyepungukiwa alitozwa faini. Kwa kuwa kamati iliwaunganisha mabinti wa kijiji na wake wa matai, faini yake haikuwa rahisi kupuuzwa, hata na familia yenye jina. Kamati ilikuwa, na kwa kiasi fulani bado ni, mahali pa nadra ambapo makundi yale mawili huketi chini ya paa moja kwa kazi moja.

Nyumba za kamati zilijengwa kwa michango ya wanawake wenyewe, na nyingi bado zimesimama. Hutumika kama kliniki, shule ya watoto wadogo, ukumbi wa kusukia mikeka na mahali pa kulaza wageni.

Je, kamati hizo zina nguvu kama zamani?

Hapana. Kuanzia miongo ya mwisho ya karne ya 20, huduma za afya zilivutwa kuelekea hospitali, vikundi vya wanawake vya makanisa vikachukua muda na michango, na katika vijiji kadhaa kamati moja ikagawanyika kuwa mbili au tatu. Serikali, kupitia wizara inayoshughulikia wanawake na jamii, sasa huwa na mwakilishi wa wanawake katika kijiji, anayelipwa posho ili kuunganisha kijiji na ofisi za Apia. Mpango huo una faida zake, lakini mwakilishi mmoja hawezi kuwa kamati.

Mwishoni mwa mwaka 2019 mlipuko wa surua uliua watu 83, wengi wao watoto wa chini ya miaka mitano. Chanjo ilikuwa imeshuka sana, na mwezi Desemba serikali ililazimika kufunga shughuli zote kwa siku mbili huku familia zenye watu wasiochanjwa zikitakiwa kutundika kitambaa chekundu mbele ya nyumba ili wahudumu wazifikie. Sababu za kushuka kwa chanjo zilikuwa zaidi ya moja, ikiwemo hofu iliyofuata vifo vya watoto wawili mwaka 2018 kutokana na chanjo iliyochanganywa vibaya. Hata hivyo, ni vigumu kuutazama msiba huo bila kuifikiria kamati ya zamani, iliyomjua kila mtoto kijijini na siku aliyopimwa.

Mikeka ina umuhimu gani, na kwa nini husemwa kuwa ni mali ya wanawake?

Mkeka mwembamba wa Samoa, 'ie toga, haulaliwi wala haukaliwi. Ni mali ya kupokezana. Hutolewa harusini, mazikoni, anapotawazwa matai na linapozinduliwa kanisa. Kwa desturi ya ndoa, upande wa mwanamke hutoa mikeka na upande wa mwanamume hutoa chakula, nguruwe na fedha. Hivyo hakuna shughuli kubwa ya ukoo inayoweza kufanyika bila kazi ya mikono ya wanawake, na matai ambaye dada zake hawasuki hujikuta mikono mitupu mbele ya watu.

Malighafi ni majani ya mmea wa jamii ya mkadi, ambao watu wa Pwani ya Afrika Mashariki wanaujua zaidi kwa harufu ya maua yake. Majani hukatwa na kuondolewa miiba, huchemshwa, hutenganishwa tabaka, hulowekwa katika maji ya bahari na kuanikwa juani hadi yawe meupe, kisha huchanwa kuwa nyuzi nyembamba mno. Kadiri nyuzi zilivyo nyembamba ndivyo mkeka unavyolainika kama hariri na ndivyo thamani yake inavyopanda. Mkeka bora huchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Ukingo wake hupambwa kwa manyoya mekundu. Wasukaji hukaa pamoja, kila mmoja na mkeka wake, na hapo habari za kijiji husemwa, wasichana hufunzwa na ugomvi mdogo humalizwa kabla haujafika kwa wanaume.

Katika karne ya 20 mahitaji yalizidi mikono, na mikeka mikubwa, minene, iliyosukwa haraka ikajaa katika shughuli. Vimbunga Ofa na Val, vya mwaka 1990 na 1991, viliharibu mashamba, na mwaka 1993 ugonjwa wa majani ukaangamiza magimbi, zao kuu la kuuza nje. Katika kipindi hicho ndipo lilipoanzishwa, mwaka 1991, shirika la Women in Business Development, ambalo liliwarudisha wanawake wa vijijini kwenye usukaji wa ubora wa kale na kuwatafutia wanunuzi, pamoja na kuanzisha utengenezaji wa mafuta ya nazi kwa ajili ya soko la nje. Serikali nayo ilihimiza kuachwa kwa mikeka minene. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza mkeka huu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Kuna matumizi mengine yanayostahili kutajwa. Mtu akiua au akitenda kosa zito dhidi ya ukoo mwingine, matai wake anaweza kwenda alfajiri na kuketi mbele ya nyumba ya waliokosewa, akiwa amejifunika mkeka, akisubiri. Desturi hii huitwa ifoga. Wakimfunua, msamaha umekubaliwa. Wasipomfunua, ataendelea kukaa chini ya jua au mvua, na katika hali mbaya anaweza kushambuliwa. Katikati ya hasira ya wanaume hao huwekwa kitu kilichosukwa na mwanamke.

Nani hupika?

Mpishi wa heshima ni mwanamume. Jiko la mawe ya moto, umu, huandaliwa na vijana, hasa alfajiri ya Jumapili kwa ajili ya mlo wa baada ya ibada. Wanawake hupika chakula cha kila siku, na hukusanya kome, pweza na viumbe wengine katika maji ya kina kifupi yaliyo kati ya ufukwe na mwamba wa matumbawe. Bahari kuu, nje ya mwamba, ni ya wanaume.

Wanawake wa Samoa wameshiriki vipi katika siasa?

Tarehe 28 Desemba 1929 polisi wa utawala wa New Zealand waliwafyatulia risasi waandamanaji wa Mau, vuguvugu la amani la Wasamoa waliopinga utawala huo, mjini Apia, na miongoni mwa waliouawa alikuwamo kiongozi wao, Tupua Tamasese Lealofi III. Wanaume walipokimbilia msituni, wanawake waliunda Mau yao, wakaendeleza mikutano na maandamano, jambo lililowatatiza watawala ambao hawakujua wawafanye nini. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Januari 1962, lakini haki ya kupiga kura ilikuwa ya matai karibu peke yao hadi kura ya maoni ya mwaka 1990, ilipopanuliwa kwa kila mtu mwenye umri wa miaka 21 na zaidi. Haki ya kugombea bado ni ya matai.

Mwaka 2013 katiba ilibadilishwa ili wanawake wasipungue asilimia 10 ya wabunge. Kipengele hicho kilizua mgogoro mkubwa baada ya uchaguzi wa Aprili 2021, pale vyama viwili vilipofungana na ikabishaniwa kama asilimia 10 ya viti 51 ni viti vitano au sita. Fiame Naomi Mata'afa, kiongozi wa kimojawapo cha vyama hivyo, mwenye cheo cha juu na binti wa Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi, alikuta milango ya bunge imefungwa tarehe 24 Mei, akaapishwa kuwa Waziri Mkuu ndani ya hema lililotundikwa nje. Mahakama ya Rufani ilimthibitisha mwezi Julai, na aliongoza serikali hadi mwaka 2025, akiwa mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo.

Mfano wake hutajwa mno, na pengine kupita kiasi. Fiame alipanda kama binti wa ukoo mkubwa mwenye cheo, njia ambayo mila imeiacha wazi tangu enzi za Salamasina. Nofotane asiye na cheo hawezi kuipita njia hiyo, na viti maalumu vya bunge havigusi baraza la kijiji.

Je, kijiji huwalinda wanawake dhidi ya ukatili?

Kwa sehemu. Sheria ya usalama wa familia ilipitishwa mwaka 2013, na uchunguzi wa kitaifa ulioongozwa na ofisi ya Ombudsman (mchunguzi wa malalamiko ya wananchi), ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2018, ulionyesha kwamba ukatili majumbani umeenea sana. Mabaraza mengi hutoza faini kwa ugomvi unaosikika barabarani, lakini yanayotendeka ndani huonwa kuwa ni ya familia. Aliye hatarini zaidi ni yule aliye mbali na kaka zake. Baadhi ya vijiji vimeweka amri za kumwadhibu mume anayempiga mkewe, na kwa maoni yetu hizo ndizo zenye matumaini zaidi, kwa sababu polisi wako mbali na baraza liko karibu.

Wanaohama huathiri vipi kazi za wanawake?

Tangu mwaka 2007 New Zealand imekuwa ikiajiri wafanyakazi wa msimu kutoka visiwa vya Pasifiki kwa mashamba ya matunda, na Australia ikafuata. Wengi wanaokwenda ni wanaume vijana. Fedha wanazotuma hujenga nyumba na kulipa ada, lakini aumaga hupungua, na kazi zao za shamba na jikoni huwaangukia wanawake. Mahitaji ya misiba na harusi, kwa upande mwingine, hupanda kadiri fedha za ng'ambo zinavyoingia.

Mgeni mwanamke azingatie nini kijijini?

Avae lavalava, yaani kitambaa cha kujifunga kiunoni, au sketi inayofunika magoti, kwa kuwa nguo za kuogelea hazifai nje ya ufukwe. Aketipo juu ya mkeka akunje miguu au aifunike, asiielekeze kwa watu, na asizungumze na wenyeji walioketi hali yeye amesimama. Jioni hupigwa kengele au kupulizwa kome kubwa kuashiria sa, muda wa sala za familia, ambao katika vijiji vingi huwa kati ya saa kumi na mbili na saa moja. Hapo asitembee barabarani hadi ishara ya mwisho isikike. Jumapili asioge baharini bila kuuliza. Akilazwa katika nyumba ya kamati, zawadi yake aikabidhi kwa kiongozi wa wanawake badala ya kuigawa mwenyewe, kwa kuwa kiongozi huyo ndiye anayejua nani aanze kupewa.